Nisome kozi gani ili niwe mwendelezaji wa milki?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi chuoni katika kozi tatu: uhandisi wa ujenzi, usanifu majengo, na uthamini na usimamizi wa milki. Sitaki kuishia kuchora ramani za watu wala kusimamia zege. Nataka siku moja nijenge majengo yangu, mengine niuze, mengine nipangishe. Baba anasisitiza uhandisi kwa sababu "mhandisi hakosi kazi". Rafiki zangu wanasema niachane na zote nikasome biashara. Ipi itanifikisha? Na nikimaliza nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa lengo ulilolitaja, mimi ningechukua uthamini na usimamizi wa milki, kwa sharti moja nitakalolifikia. Uhandisi ningeuweka wa pili, tena kwa tofauti ndogo. Usanifu ungekuwa wa tatu, isipokuwa kama kuchora ndiko kunakokufanya ukeshe usiku. Huo ni mwito wa namna yake, na miaka yake ya masomo na mafunzo ni mirefu.

Sababu yangu ni hii. Mwendelezaji hachori, hapimi udongo, hamwagi zege, na mara nyingi hata kuuza hauzi mwenyewe. Wote wanaofanya kazi hizo anawalipa. Kazi yake ni kuamua: kiwanja hiki, jengo la aina hii, kwa fedha za nani, na kwa nini sasa. Akikosea, hasara ni yake. Kwa hiyo unatafuta kozi itakayokufundisha kufanya uamuzi huo, na itakayokulisha katika miaka ambayo bado huna mtaji.

Tuupige hesabu uamuzi wenyewe, kwa sarafu yoyote upendayo. Umeonyeshwa kiwanja kinachobeba fleti 40, na soko linakuambia kila moja itauzwa kwa milioni 100. Mapato ni milioni 4,000. Toa gharama za kuuza, asilimia 5, yaani 200. Toa ujenzi, 2,200. Toa ada za wataalamu na vibali, asilimia 12 ya ujenzi, 264. Toa akiba ya dharura, asilimia 5 ya ujenzi, 110. Toa riba ya mkopo, 250. Faida yako, tuseme asilimia 18 ya mapato, ni 720. Jumla ya ulivyotoa ni 3,744. Kilichobaki, milioni 256, ndicho unachoweza kumlipa mwenye ardhi. Akitaka 400, unamshukuru na kuondoka.

Sasa shusha bei ya kuuza kwa asilimia 5 tu, fleti iwe milioni 95, kisha rudia hesabu yote. Ardhi inabaki na milioni 102. Yaani bei imeshuka kidogo sana, lakini thamani ya kiwanja imepungua kwa asilimia 60. Rudisha bei ilipokuwa, kisha pandisha gharama ya ujenzi kwa asilimia 5 pamoja na ada na akiba zinazoifuata: ardhi inabaki na kama 127, nusu ya mwanzo. Mtu aliyekwisha kulipa 256 kwa kiwanja hicho anaanza kupoteza faida yake kabla hajachimba msingi.

Ukitazama vizuri, tarakimu kubwa za upande wa mapato zinatoka kwa mthamini na anayelijua soko. Za ujenzi zinatoka kwa mkadiriaji majenzi, yaani anayepiga hesabu ya gharama za ujenzi, na mhandisi. Riba inatoka benki. Vibali vinategemea mipango miji na sheria. Hakuna kozi moja inayozijaza zote. Ninapendelea uthamini kwa sababu ndiyo kozi, kati ya hizo zako tatu, inayofundisha hesabu yenyewe kuanzia juu hadi chini, na inakuacha na ujuzi unaoweza kulipwa kwao kesho yake: mabenki yanahitaji wathamini, wenye majengo wanahitaji wasimamizi.

Hoja ya baba haina makosa, ila inajibu swali jingine. Uhandisi unahakikisha jengo linasimama. Hausemi kama kuna atakayelipangisha. Ghorofa maarufu la New York, Empire State Building, lilianza kujengwa Machi 1930 na kufunguliwa tarehe 1 Mei 1931, kwa gharama chini ya makadirio. Kiufundi huwezi kuwalaumu waliolijenga. Lakini lilifunguliwa katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, sehemu kubwa ya ofisi zikiwa tupu kiasi kwamba watu walilibandika jina la utani la jengo tupu, na ilichukua takriban miaka 20 kuanza kuleta faida. London nako, kampuni ya Olympia & York iliyokuwa inajenga Canary Wharf, mtaa wa maofisi, ilielemewa na madeni mwaka 1992. Treni ya chini ya ardhi ya kuwafikisha wafanyakazi pale ilikuja kufunguliwa mwaka 1999. Majengo yalikuwa mazuri. Wapangaji na reli ndivyo vilivyochelewa.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye ukadiriaji majenzi, na somo hili nilijifunza kwa aibu. Kulikuwa na mradi ambao makadirio yangu yalikuwa sahihi karibu hadi msumari wa mwisho, nikajiona bingwa. Kibali kikachelewa miezi 11, mkopo wa kiwanja ukiwa unahesabu riba kila siku. Mradi ulikufa na makadirio yangu sahihi kabatini. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba muda nao una bei.

Wala usidhani kozi itakufunga. Tazama waendelezaji wanne wakubwa wa Marekani. Gerald Hines alisomea uhandisi wa mitambo. John Portman alikuwa msanifu aliyechoka kusubiri wateja akaamua kuwa mteja wake mwenyewe. Sam Zell alisomea sheria, na alianza biashara akiwa bado mwanafunzi kwa kusimamia nyumba za wanafunzi wenzake. Trammell Crow alikuwa mhasibu. (Waliofilisika wakiwa na shahada hizohizo hatuwataji, nao si wachache.)

Rafiki zako wako nusu sahihi. Biashara itakufundisha kusoma mtiririko wa fedha na kuzungumza na mwenye mtaji, jambo ambalo wahandisi wengi hulikwepa. Tatizo ni kwamba ukiwa na shahada hiyo peke yake, mkandarasi akikuambia msingi umeongezeka gharama kwa sababu ya udongo, utamwamini tu.

Na hapo ndipo penye sharti langu. Kozi nyingi za uthamini ni nyepesi upande wa ujenzi, kwa hiyo likizo zako zitumie saiti, siyo ofisini. Jifunze kusoma michoro na mchanganuo wa gharama. Jifunze sheria ya mikataba. Excel uijue kiasi kwamba hesabu ile ya fleti unaijenga mwenyewe kutoka karatasi tupu, na ukibadilisha bei moja kila kitu kinafuata. Uliza pia kama kozi inatambuliwa na bodi ya taaluma mahali unapotaka kufanya kazi, au na RICS, chama cha wataalamu wa milki kilichoanzia London mwaka 1868 na ambacho huidhinisha kozi katika nchi nyingi.

Ukimaliza, usikimbilie kusajili kampuni. Kazi ya kwanza ninayoipenda kwa mtu kama wewe ni dawati la mikopo ya ujenzi benki: kwa miaka miwili au mitatu utasoma miradi ya watu wengine, mizuri na mibovu, kwa mshahara. Ofisi ya wathamini au wakadiriaji inafuata kwa karibu. Baada ya hapo ndipo uingie kwa mwendelezaji. Timu zao huwa ndogo na nafasi haba, lakini utakuwa na kitu cha kuwaletea. Shahada ya uzamili ya uendelezaji milki ipo vyuo kadhaa (MIT, chuo kikuu cha Marekani, kilianzisha kituo chake cha taaluma hii mwaka 1983), ila isubiri hadi uwe na maswali yako mwenyewe ya kuipeleka darasani.

Kabla hujathibitisha nafasi, omba mtaala kamili wa kozi ya uthamini uupitie na baba. Tafuta vitu viwili: somo la gharama za ujenzi, na somo la fedha za miradi. Kimoja kikikosekana, unaweza kukijaza mwenyewe. Vikikosekana vyote viwili, msikilize mzee, chukua uhandisi.