Mkienda kuiona U-352, jiandaeni kwanza

Mabaharia wenzangu, meli yenu ikipangiwa Morehead City kule North Carolina na mkaruhusiwa kushuka hata siku moja, nendeni mkaione U-352, ila msikurupuke kama tulivyokurupuka sisi.

Ni nyambizi ya Wajerumani, ilizamishwa tarehe 9 Mei 1942 na Icarus, meli ya walinzi wa pwani wa Marekani. Nyambizi ndo ilianza, ikarusha torpedo ikakosa, basi Icarus wakaigeukia na mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, mpaka ikabidi iibuke, jamaa wakajitupa baharini. Waliookotwa walizidi 30 wakapelekwa Charleston kama mateka, wengine wamebaki nayo hukohuko.

Iko chini mita 35 hivi na hapo ndo penye kazi. Tulikuwa watatu, wote na vyeti vya kuzamia, kumbe mwenzetu mmoja hajawahi kupita mita 20 na hakusema, na mwenye boti hakuuliza. Tumefika chini namwonyesha geji ya hewa, ananitolea macho tu, anatabasamu, nitrojeni ya kwenye hewa, ambayo kina kirefu huifanya ilevye kama pombe, imeshampanda kichwani. Nikamshika mkono tukapanda polepole na kamba ya nanga, tulivyofika mita 25 akili ikamrudia. Niliogopa sana siku ile. Kwa hiyo semeni ukweli mmewahi kufika kina gani, na mjue kwa hewa ya kawaida mna dakika 14 hivi tu chini kabla hamjalazimika kusimama njiani mkipanda ili nitrojeni itoke mwilini, na kamba msiiachie maana mkondo wa Gulf Stream ukiamka unakubeba.

Mchana nilirudi na mzamiaji mwenyeji. Bodi la nje limeliwa na kutu, imelalia ubavu wa kulia, na kale kamlango ka juu kako wazi, kaduara kadogo ambako mimi na mtungi mgongoni nisingepita. Nikamulika tochi, mchanga na visamaki. Nikawaza wale vijana wanavyopanda ngazi ile mmoja mmoja huku juu risasi zinalia, nikashindwa hata kupiga picha. Msiingie ndani, na msichukue hata msumari, sheria ya Marekani ya 2004 inalinda mabaki ya meli za kivita, na hata isingekuwepo, lile ni kaburi la mabaharia.

Halafu kama mkataba umeisha na tiketi ya kurudi nyumbani iko mkononi, usizamie siku ya mwisho. Mkizamia mara mbili kama mimi, subirini angalau masaa 18 kabla ya kupanda ndege.