Nimerudi Tukuyu, moyo umebaki Karonga

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Juni hadi Agosti nilikuwa Karonga, Malawi, kwenye uinjilisti. Nilikwenda kuhubiri, lakini ninachokumbuka ni bibi mmoja aliyenigawia dagaa wake wa mwisho, wale wanaowaita usipa, kwenye kisahani cha bati. Je, nilifanya kazi yoyote kweli?
Binti wa Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenigusa sana. Wamisionari Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, iliwabidi kwanza wajifunze Kinyakyusa. Wewe ulivuka mto Songwe tu, ukakuta Kingonde, ndugu wa lugha yenu. Bibi yule alikulisha, nawe ukamwelewa bila mkalimani! Krismasi rudi kwake na mchele wa Kyela, ukae jikoni, umsikilize.