Jibu: Nusu siku kwa miguu Bukavu

Ndugu, umeuliza kama nusu siku inatosha kuzunguka Bukavu ya zamani, mji wa mashariki mwa Kongo, kwa miguu. Inatosha, ukianza soko la Nyawera mapema. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo za asubuhi zingali ngumu na zinang'aa. Za mchana zimeshalegea, tumbo hupasukia kwenye mafuta. Omba zikaangwe hadi zikauke, ule na bugali ya muhogo, ndimu na pilipili. Halafu fuata avenyu Patrice Lumumba ukitazama majengo ya Wabelgiji, yale ya kona za mviringo (macho juu, maduka ya chini yameficha mengi). Ukishuka ziwani, kurudi panda moto (pikipiki ya abiria). Ukilipa kwa dola, noti iliyochanika, hata kidogo, haipokelewi. Askari na kambi usipige foto.