Maswali ya Wasomaji: Kuingia Katika Utafiti Kabla ya Kuhitimu

Mshauri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia. Nimewaandikia wahadhiri 15 nikiomba kushiriki katika utafiti wao, na ni mmoja tu aliyenijibu, akisema hana nafasi. Je, nafasi hizi ni za wanafunzi wa uzamili na uzamivu peke yao?

Hapana, wala hazijawahi kuwa zao peke yao. Mwaka 1869 Paul Langerhans, aliyekuwa bado mwanafunzi wa tiba jijini Berlin, alieleza katika tasnifu yake vikundi vya seli alivyoviona kwa hadubini ndani ya kongosho, ingawa hakujua vina kazi gani. Leo vinaitwa visiwa vya Langerhans, na humo ndimo insulini inamotengenezwa. Miaka 100 baadaye, yaani mwaka 1969, chuo cha MIT nchini Marekani kiliweka utaratibu rasmi ulioasisiwa na Margaret MacVicar, ambao humwezesha mwanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti pamoja na mhadhiri kwa malipo, kwa kuhesabiwa katika masomo yake, au kwa kujitolea. Vyuo vingi vina utaratibu unaofanana na huo, kila kimoja kwa jina lake.

Kasoro naiona katika barua uliyoniambatanishia. Inaanza na "Mheshimiwa Profesa" bila jina, inaeleza kwamba unaipenda sana sayansi, inaomba "nafasi yoyote itakayopatikana", kisha inafuatwa na wasifu wa kurasa nne. Barua hiyo ingeweza kupelekwa kwa mtu yeyote, na anayeipokea hulitambua hilo kabla hajafika mstari wa tatu. Ilinganishe na hii: "Profesa, nimesoma makala yenu kuhusu mbu wanaostahimili viuatilifu, nikabaki na swali: kwa nini sampuli za msimu wa mvua hazikuchambuliwa pamoja na za kiangazi? Nimesoma somo la takwimu kwa muhula mmoja, na ninaweza kufanya kazi saa sita kwa wiki, Jumanne na Alhamisi mchana, hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Naomba dakika 15 za kuzungumza nanyi, au na mmoja wa wanafunzi mnaowasimamia." Ombi hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika maabara nyingi anayemfundisha mgeni siku hadi siku ni mwanafunzi wa uzamivu au fundi wa maabara, na huyo akisema kwamba anahitaji msaidizi, profesa hukubali kwa urahisi. Usipojibiwa baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha uende kwa mwingine. Barua nne za namna hii zina faida kuliko zile 15.

Ipo pia njia ya programu za likizo, lakini soma masharti ya ustahiki kabla ya kuandika neno lolote. Programu ya REU inayofadhiliwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, kwa mfano, hulipa posho wanafunzi ambao ni raia au wakazi wa kudumu wa nchi hiyo, kwa hiyo asiye miongoni mwao atapoteza muda wake. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva, huwapokea wanafunzi wa fizikia, kompyuta na uhandisi katika programu yake ya kiangazi, wakiwamo wanaotoka nchi zisizo wanachama, mradi wawe wamekamilisha miaka mitatu ya chuo.

Ukishapokewa, usitarajie kugundua kitu wiki ya kwanza. Mimi miezi yangu miwili ya mwanzo niliimaliza nikihamisha vipimo kutoka karatasi za uwandani kwenda kwenye kompyuta, nikinung'unika kimoyomoyo, mpaka siku nilipoona kwamba safu ya halijoto ilikuwa na sifuri nyingi mno, zote zikiwa na mwandiko wa mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa akiandika sifuri kila aliposahau kupima, na wastani wote tuliokwisha kuukokotoa ulikuwa umepotoka. Kazi ile ya ukarani ndiyo iliyonifundisha kutoiamini namba kabla ya kujua ilivyopatikana.

Ninasoma historia na fasihi. Kila tangazo la utafiti ninaloliona linataja maabara. Sisi tumesahaulika?

Hamjasahauliwa, ila wahadhiri wa fani zenu mara nyingi hufanya kazi peke yao na hawana mazoea ya kutangaza nafasi. Hata hivyo wanazo hati zinazohitaji kunakiliwa, kanda za mahojiano zinazosubiri kuandikwa, na magazeti ya zamani ambayo hakuna aliyeyatengenezea faharasa. Jitolee kwa mojawapo ya kazi hizo, kwa muda unaojulikana. Nakutahadharisha jambo moja ambalo wanafunzi wa fani zenu hulichukulia kirahisi: utakapotaka kuwahoji watu kwa ajili ya utafiti, muulize msimamizi wako kuhusu kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuuliza swali la kwanza, kwa kuwa kibali kwa kawaida hakirudi nyuma, na mahojiano mazuri yaliyofanywa bila kibali huenda yakakosa matumizi.

Kampuni moja inataka nilipe ada ili iniunganishe na "mtafiti wa kimataifa", na inanihakikishia kwamba makala yangu itachapishwa ndani ya wiki tatu. Nilipe?

Usilipe. Ni kweli kwamba yapo majarida yenye heshima yanayotoza waandishi ada baada ya makala kukubaliwa, kwa hiyo ada peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Tatizo ni ile ahadi: hakuna anayeweza kukuhakikishia uchapishaji wa makala ambayo haijaandikwa wala kusomwa na wahakiki.

Wastani wangu wa alama ni wa chini. Nijaribu?

Jaribu, lakini kwa mhadhiri anayekufahamu darasani. Programu zenye ushindani hutazama alama. Mtu aliyekuona ukiuliza maswali ana mengine ya kutazama.

Nilifanya kazi mwaka mzima katika mradi fulani, na makala ilipotoka jina langu halikuwamo hata katika shukrani. Nina haki gani?

Inategemea ulifanya nini. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo vigezo vyake hufuatwa na majarida mengi ya fani hiyo, humtambua mwandishi kwa masharti manne yanayokwenda pamoja: awe amechangia kwa kiasi kikubwa wazo, ukusanyaji wa data au uchambuzi wake, awe ameshiriki kuandika au kuirekebisha makala, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Aliyekusanya data tu hastahili kuwa mwandishi kwa vigezo hivyo, lakini anastahili kutajwa katika shukrani, na hapo, kwa maelezo yako, ulidhulumiwa. Charles Best alikuwa na umri wa miaka 22 na ndiyo kwanza amalize masomo ya shahada ya kwanza alipoanza kazi na Frederick Banting jijini Toronto mwaka 1921, kazi iliyozaa insulini. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1923 ilikwenda kwa Banting na John Macleod, wala Best hakutajwa. Banting akaamua kugawana naye fedha zake. Hata hivyo makala yao ya Februari 1922 ilikuwa na majina mawili, Banting na Best, na hilo halikuweza kufutwa na kamati yoyote.

Mwandikie msimamizi wako kwa adabu, ukiorodhesha ulichofanya pamoja na tarehe kutoka katika daftari lako la maabara, na umwombe awasiliane na jarida ili litoe masahihisho, kwani majarida mengi yana utaratibu huo. Akikataa, peleka suala hilo kwa mkuu wa idara ukiwa na daftari mkononi. Katika mradi ujao, uliza habari ya majina wiki ya kwanza na uombe jibu kwa maandishi.