Usimwage resini ya boti juu ya povu la bluu

Yakhe, rudisha kifuniko cha hilo kopo. Usimwage hata tone juu ya bawa.

Umesema umeshakata povu gumu la bluu la bawa dogo la mbele la ndege unayojijengea mwenyewe, fundi wa boti huko Wete kakwambia resini yake ya poliesta (maji mazito yanayoganda yakashika kitambaa) inatosha kwa sababu "faibaglasi ni faibaglasi", na kesho unaanza kulaza kitambaa cha kioo. Halafu unauliza habari za injini, kibali na vifaa vya kuanzia. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na fundi wangu wa boti, na yalinilia fedha za msimu mzima wa karafuu.

Povu langu nililileta kwa meli kutoka Dar, nimelibana katikati ya magodoro mawili ili kingo zisimeguke. Nikalikata kwa waya wa moto wiki nzima, nikalipiga msasa mpaka likawa laini kama yai. Jioni nikalaza kitambaa, nikapaka resini kwa rola, nikaenda kulala nimefurahi kabisa. Juu kulikuwa kunang'aa, hakuna hata kiputo kimoja. Asubuhi baada ya sala nikaligonga kwa sarafu. Ncha moja ililia vizuri. Katikati ikalia wazi, kama nazi iliyooza ndani. Nikabonyeza kwa dole gumba, ngozi ikaingia. Nilipolikata kwa msumeno nikakuta pango refu kuliko mkono wangu, na ukutani mwake uji wa bluu unanatanata kama halua ambayo haijaiva.

Sababu yake ni hii. Resini ya poliesta huwa imechanganywa na stairini ili imiminike, na povu la bluu ni polistairini, yaani stairini ile ile iliyoungana ikawa ngumu. Ukizikutanisha, ya maji inaila ngumu. Ngozi ya juu inaweza kukauka ikapendeza huku chini panaliwa, na hapo ndipo hatari ilipo: ningelipaka rangi lile bawa nisijue. Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Marekani, aliporusha VariEze mwaka 1975, kisha Long-EZ mwaka 1979, ndege ndogo za kujijengea nyumbani, mabawa yalikuwa povu lililokatwa kwa waya wa moto na kuvikwa kitambaa cha kioo bila kalibu, lakini resini ilikuwa epoksi, aina nyingine isiyo na stairini. Epoksi haili povu hili.

Fundi yule nilipomrudia na kipande mkononi alinambia povu ndilo bovu. Bovu! Miaka yote anajenga boti ndani ya kalibu, povu hili hajapata kuligusa, na bado alinijibu kama mtu aliyelifanyia kazi maisha yake yote. Kwenye boti simpingi, zake zinakwenda na kurudi salama. Angesema tu "hili silijui, mwanangu", ningemshukuru mpaka leo.

Na hata ukipata epoksi, usiichanganye kwa mkono wa boti. Wao dawa ya kugandisha wanaikadiria kwa kifuniko, siku ya baridi wanaongeza kidogo, na poliesta inawavumilia. Epoksi haivumilii. Pima kwa mizani, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo lako. Ukizidisha dawa haikauki haraka, inabaki laini milele. Changanya kidogo kidogo, maana kikombe kikijaa kinachemka mkononi. Wakati wa masika ukikuta utando wa mafuta juu, uoshe kwa maji safi na upige msasa kabla ya tabaka jingine. Na waya wa moto usiuguse kwenye povu la aina nyingine liitwalo poliyurethani, moshi wake ni sumu.

Lakini haya yote yaweke chini ya moja: usiweke kwenye bawa kitu ambacho hujakiweka kwenye kipande cha kutupa. Povu lile lile, kopo lile lile, hewa ya chumba kile kile. Kiache mpaka kikauke kabisa, kisha kivunje kwa nguvu na uangalie ngozi ilipobanduka. Ikitoka na povu limeng'ang'ania mgongoni mwake, imeshika. Ikitoka safi, haikushika. Mimi nilikuwa na vipande kama hivyo gunia zima nyuma ya nyumba, na nilivichoma moto!

Basi leo usilale hujamwaga kijiko kimoja cha hiyo poliesta kwenye kipande cha pembeni. Keti ukitazame, kisha weka picha hapa.