Kabla ya kusema "pelekeni jeshi", soma azimio

Msomaji mmoja kauliza: raia wanauawa, kwa nini jeshi lisiingie tu? Ana haki ya kuuliza. Ila ukitaka kuunga mkono, anzia kwenye maandishi ya azimio, yaani uamuzi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa unaoruhusu jeshi kwenda, hasa vitenzi vyake.

Chukua vita vya Bosnia. Azimio namba 836 la Juni 1993, kuhusu maeneo 6 salama, liliwataka walinda amani wa Umoja wa Mataifa wazuie mashambulizi kwa uwepo wao. Neno "kulinda" liliepukwa. Kisha tazama idadi: Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba askari 34,000 wanahitajika, Baraza la Usalama likaidhinisha 7,600. Aliyekimbilia mji wa Srebrenica, mmoja wa maeneo hayo, alisikia "salama". Hesabu hiyo hakuonyeshwa.

Uliza pia nani anaruhusu ndege zipige. Pale funguo zilikuwa mbili, mmoja wa Umoja wa Mataifa, mwingine wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi uliokuwa na ndege, na ukikosekana mmoja hakuna bomu. Ndege zilipopiga mchana wa tarehe 11 Julai 1995, mji ulikuwa unaanguka, na Waserbia wa Bosnia waliokuwa wakiushambulia wakatishia kuwaua walinda amani wa Uholanzi waliokuwa wamewateka. Mashambulizi yakasitishwa. Wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa.

Hilo ni kosa la kwanza: ahadi kubwa, idhini ndogo. La pili ni kinyume chake, yaani lengo kunenepa njiani. Azimio namba 1973 la Machi 2011 kuhusu Libya liliruhusu kulinda raia na likakataza jeshi la kukalia nchi. Ndege ziliendelea hadi utawala ukaanguka, na kwa kuwa hakukuwa na jeshi la ardhini, maghala ya silaha yakabaki bila mlinzi. Silaha zikafika hadi Mali. Kwa hiyo, kama azimio halisemi kazi itaishia wapi na maghala atayashika nani, mimi singelipigia kura.

La mwisho ni chakula, na hapa wengi hupitiliza. Usikubali anayedondosha mabomu ndiye agawe msaada. Afghanistan, Oktoba 2001, ndege za Marekani zilidondosha vifurushi vya chakula vya njano, na pia mabomu ya mtawanyiko, yaani yanayofunguka na kusambaza vijibomu vingi, ambavyo navyo vilikuwa vya njano, ukubwa wa kopo la soda. Ikabidi redio iwatangazie watu wenye njaa watazame umbo: cha mraba ni chakula, chenye umbo la kopo usiguse. Rangi ya vifurushi ilikuja kubadilishwa baadaye.