Maswali ya Wasomaji: Kitako Kipya cha Mbao

Swali: Mafundi, hamjambo. Bunduki yangu ya boliti (komeo la chuma linalovutwa kwa mkono) ina kitako cha plastiki na nataka kuivisha cha mbao. Nimeonyeshwa viwili vinavyolingana na risiva yangu, yaani mwili wa chuma ambamo boliti hutembea. Kimoja kina mawimbi na maua ya kuvutia kuanzia begani hadi shingoni. Kingine nyuzi zake zimenyooka tu, na bei yake ni nafuu. Nichukue kipi?

Jibu: Hatujambo, ndugu. Chukua cha nyuzi zilizonyooka. Kiweke ubavu, kisha fuata nyuzi kwa kidole pale shingoni, kiganja kinaposhika. Hapo ndipo kitako ni chembamba kuliko kwingine kote, ndani kimechimbwa kwa ajili ya kifyatulio, na msukumo wa kila risasi lazima upite hapo kwenda begani. Nyuzi zikifuata mkunjo wa shingo, mbao itastahimili. Zikikata shingo mshazari na kutokea upande wa chini, kitako kitapasuka kwa mshazari uleule siku bunduki itakapoanguka. Maua yana mahali pake, nayo ni nyuma ya shingo, kwenye bapa la begani. Yakivuka hapo kwenda mbele, uzuri huo ni udhaifu.

Halafu kitazame kutoka juu. Nyuzi za sehemu ya mbele, chini ya mtutu, zikikimbilia upande mmoja, hewa ikibadilika mbao nayo itapinda upande huo na kuusukuma mtutu.

Kuhusu aina ya mbao: mjozi, ambao wengi huuita walnati, ni mwepesi kiasi, unachongeka vizuri na hauchezi sana. Mbao za tabaka zilizounganishwa kwa gundi ndizo tulivu kuliko zote, ila ni nzito. Lakini mti wowote ukiwa mbichi ni hasara. Kiache kitako chumbani na ukipime kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili kwa muda wa wiki mbili. Kama gramu zinaendelea kupungua, bado kinakauka. Usikiguse kwa patasi mpaka uzito utulie.

Pima pia urefu, kutoka uso wa kifyatulio hadi mwisho unaokaa begani, raba ikiwemo. Watu wazima wengi huangukia karibu na sentimita 34 hadi 35. Kati ya kirefu na kifupi nunua kirefu, maana kukata ni rahisi. Ila kabla ya kukata soma sheria ya unapoishi, kwani nchi kadhaa zimeweka kikomo cha chini cha urefu wa bunduki nzima.

Swali: Kitako nilichonunua kimeandikwa kwamba kiko tayari kufungwa. Risiva inashuka vizuri, kisha inakwama milimita 3 kabla haijakaa. Naweza kuigonga kwa nyundo ya mpira, au nikaze skrubu ziivute?

Jibu: Usifanye lolote kati ya hayo. Skrubu zina nguvu ya kuikunja risiva, na risiva iliyokunjwa hailengi, hata darubini iwe bora namna gani. Neno "tayari" maana yake ni kwamba mashine imechimba kwa vipimo vya wastani. Hizo milimita 3 ni kazi ya mkono wako.

Hakikisha kwanza hakuna risasi kwenye chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) wala kwenye magazini, toa boliti, na ikiwezekana fungua kifyatulio chote ukiweke pembeni. Tafuta skrubu mbili ndefu zenye nyuzi za chuma sawa na za skrubu za risiva, ukate vichwa vyake, uzifunge kwa mkono chini ya risiva. Hizo zitakuwa reli za kuiongoza ishuke wima kila mara; ikishuka kwa kuinama, alama utakazoziona zitakudanganya.

Sasa paka chuma masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo. Hata rangi ya mdomo inafaa. Tabaka liwe jembamba mno, chuma kionekane kupitia rangi. Hapa ndipo wengi huharibu: rangi ikiwa nene inachafua kila pahali, fundi anachimba kila penye weusi, na mwishowe risiva inacheza kitandani, yaani kwenye shimo la mbao inamokaa. Ishushe, igonge kwa kiganja, inyanyue wima. Penye weusi, kwangua kwa patasi kali. Unachotoa kiwe kama ganda la kitunguu, kinachopitisha mwanga. Rudia. Milimita 3 zinaweza kukudai mishusho 30 au 40, na hiyo si dalili kwamba umekosea.

Kuna ukuta mmoja usioguswa mpaka mwisho kabisa. Chini ya risiva, nyuma kidogo ya mwanzo wa mtutu, bunduki nyingi zina sikio la chuma lililoning'inia. Uso wa nyuma wa sikio hilo ndio unaokabidhi msukumo kwa mbao, kwa hiyo ukuta unaoupokea unapaswa kuugusa uso mzima. Mbele ya sikio, pembeni na chini yake kuwe na nafasi ndogo. Likigota chini, risiva itaelea juu ya sikio na kubembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Risiva ikishakaa, angalia kasha la magazini, kwa sababu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Skrubu zikikazwa, kasha linapaswa kuchezacheza kidogo sana juu na chini. Kama limebanwa kati ya risiva na bamba la chini, basi unakaza juu ya bati na mbao haibebi kitu. Punguza ukingo wa kasha kwa tupa.

Kwa mbao tupu kaza skrubu kwa nyutoni-mita 4 hadi 5. Kukiwa na nguzo za alumini ndani ya matundu ya skrubu unaweza kufika 7. Na ukitumia skrubu mpya, pima urefu wake: ya mbele ikizidi inagusa boliti au nyuzi za mtutu, ya nyuma ikizidi inazuia boliti isipite.

Swali: Risasi tatu za kwanza zinakaa pamoja vizuri. Ya nne na ya tano zinapanda juu kulia. Kitako cha zamani hakikuwa na tatizo hili.

Jibu: Mtutu ukipata moto unagusa mbao. Kunja karatasi mara mbili, ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mwisho wa mbele hadi karibu na risiva. Itakapokwama, weka alama kwa penseli, na inawezekana sana ikawa upande wa kushoto chini. Viringisha msasa wa namba 80 juu ya fimbo ya duara iliyo nene kidogo kuliko mtutu, usugue mpaka nafasi ifike milimita 1.5 au 2 pande zote. Wengine huridhika na unene wa karatasi moja. Kwa plastiki ngumu sawa, lakini mbao hujaa unyevu na kusogea, na nafasi hiyo itafungwa msimu wa mvua.

Tahadhari moja kabla ya kusugua: bunduki kadhaa zenye mitutu myembamba zimeundwa makusudi mbao iusukume mtutu juu kidogo pale mbele. Ukiona kinundu kilichochongwa karibu na ncha, jaribu kwanza. Weka kipande cha kadi chini ya risiva karibu na skrubu ya mbele ili mtutu uinuke, piga risasi tano, ulinganishe. Mbao ikishatoka hairudi.

Swali: Nataka kuilaza risiva kwenye epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu) ili ikae sawasawa kwenye mbao, lakini nimesikia bunduki zinaganda humo moja kwa moja.

Jibu: Zinaganda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kusahau nta. Paka nta ya kung'arishia magari mara tatu, kila mara ukiiacha ikauke, kwenye kila chuma, pamoja na nyuzi za skrubu na sehemu ambazo "haziwezi kufikiwa". Epoksi hufika. Ya pili ni mbaya zaidi: epoksi huingia kwenye tundu au mfereji wa chuma, ikikauka inakuwa kama ndoana, na hapo nta haisaidii. Jaza kila tundu udongo laini wa kuchezea watoto na uusawazishe kwa kisu.

Bandika mkanda wa plastiki mbele, pembeni na chini ya sikio la msukumo, lakini nyuma yake usibandike kitu. Ukitoa mkanda baadaye utakuta ile nafasi tuliyoitaja imejitengeneza yenyewe. Chimba kitanda kina cha milimita 2 hadi 3, ukiacha visiwa vidogo vya mbao vibebe risiva kwenye kimo chake. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, usikisie. Skrubu zishike tu bila kukazwa, futa kilichofurika kwa kijiti, uache saa 24.

Kupima kama kazi imefaulu, weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya mbao, ulegeze skrubu ya mbele polepole. Ukihisi mtutu unaruka, risiva bado inakunjwa.

Swali: Ufa umetokea nyuma ya mkia wa risiva, yaani ncha yake ya nyuma. Mbao ilikuwa mbovu?

Jibu: Huenda haikuwa na kosa lolote. Mkia wa risiva uligusa mbao kwa nyuma, ukawa kabari kwa kila risasi. Acha nafasi ya milimita 0.5 hadi 1 hapo. Ufa wenyewe ufungue taratibu, uingize epoksi nyembamba, uubane usiku kucha. Usisahau kuangalia sikio la msukumo, kwani mkia haugongi mbao kama sikio limekaa sawasawa.

Swali: Nimalizie na mafuta au vanishi?

Jibu: Mafuta, kwa kitako kitakachokwaruzwa porini, maana mkwaruzo unaufuta kwa kitambaa bila kubandua kitako kizima. Sugua kwa msasa wa 120, kisha 180, kisha 240. Lowesha kwa kitambaa chenye maji ili vinyuzi visimame, kikauke, uvikate kwa msasa wa 320. Fanya hivyo mara tatu. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yapakwe membamba sana, yasuguliwe kwa kiganja mpaka yapate joto, na kila pako lisubiri siku nzima au zaidi. Yakinata, umepaka mengi.

Ndani ya kitanda, matundu ya skrubu na mwisho wa kitako chini ya raba visibaki vikavu. Ncha za nyuzi hunywa maji kama mrija, na ukiziacha wazi kung'arisha kwa nje hakutazuia kitu.

Vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa pipani. Hujipasha moto vyenyewe na huwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Ukishafunga kila kitu, bunduki ikiwa tupu, jaribu swichi ya usalama mara 20 na uone kama inasugua mbao popote. Washa usalama, vuta kifyatulio, achia, zima usalama: pini ya kugonga risasi isifyatuke. Igonge chini ya kitako kwa kiganja, isifyatuke pia. Ikifyatuka hata mara moja, ifungue tena na upanue nafasi ya kifyatulio, na isiingie risasi mpaka jaribio lote lipite.